Pumzi ya Saa Moja Asubuhi

Kila siku saa moja kamili asubuhi, kabla ya kuzungukia vitanda vya wagonjwa, Maman Eulalie alimnusa daktari.

Msicheke. Ilikuwa kazi, tena kazi ya barua na muhuri. Daktari Modeste Zagabe, mtu wa miaka hamsini na miwili, mpasuaji ambaye watoto wengi wa mlima ule walizaliwa mikononi mwake, alisimama karibu na dirisha la chumba chake, akavua miwani, akafungua kinywa na kutoa pumzi. Eulalie, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alisogeza pua akavuta hewa mara mbili, macho yake yakiwa kwenye saa ya ukutani. Kisha alisema "Safi," akachukua daftari la shule lenye picha ya twiga kwenye jalada, akaandika tarehe, akaandika "safi", akatia sahihi. Hapo daktari alivaa tena miwani yake na siku ikaanza.

Hiyo ilikuwa Bukavu, mwaka 2001, vita ya pili ikiwa katika mwaka wake wa tatu. Mji ulikuwa wa waasi, Kinshasa ilikuwa ya serikali, na katikati palikuwa na mstari wa mapigano ambao hata bahasha haikuuvuka. Madaktari waliokuwa na pa kwenda walikuwa wamekwenda. Katika hospitali ile ndogo ya masista, juu ya mlima unaotazama ziwa, aliyebaki akiweza kumpasua mama na kumtoa mtoto akiwa hai alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa akinuswa.

Eulalie alizaliwa Lwiro, ambako baba yake alifanya kazi katika kituo cha utafiti. Hakuwa mtafiti; aliwalisha panya wa maabara na kuandika kila jioni wamekula kiasi gani. Mzee huyo hakuwa na shahada, lakini alikuwa na msemo mmoja alioupiga mezani mpaka watoto wakauchoka: andika ulichokiona, usiandike ulichokitaka. Eulalie alikua nao, akaenda nao shule ya uuguzi, akaingia nao wodini. Wenzake walimwogopa kidogo. Kwenye karatasi zake homa ya thelathini na tisa haikuwahi kuwa thelathini na nane ili kumfurahisha mtu.

Na bado Eulalie huyohuyo aliandika uongo kwa miaka miwili.

Daktari alianza kunywa baada ya vita ya kwanza. Sitasimulia aliyoyaona kwenye meza yake ya upasuaji mwaka ule. Waliokuwepo wanayajua, na wasiokuwepo wamshukuru Mungu wao. Mwanzoni alikunywa jioni, kama watu wote. Baadaye jioni ikaanza mapema, na hatimaye asubuhi nayo ikawa jioni. Eulalie alijua kabla ya wote, maana aibu ya maiti aijuaye mwosha. Alimpa punje za kahawa atafune. Alisogeza upasuaji wa asubuhi uwe mchana, akiandika kwamba vyombo havijachemshwa. Wakimuuliza, alisema Docteur ana malaria. Malaria ya Zagabe ilikuwa na adabu sana, ilirudi kila Jumatatu. Eulalie aliita jambo hilo heshima. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini hawakusema lolote kuhusu anayeficha maradhi ya mwenzake.

Mwezi wa tatu mwaka 1999, mama mmoja akiwa amekwisha kulazwa usingizi mezani, Eulalie aliona kisu kikitetemeka mkononi mwa daktari. Alikitazama kikikaribia tumbo. Kisha akanyoosha mkono na kukichukua, kama unavyomnyang'anya mtoto wembe, akasema, "Docteur, leo hapana." Mama yule alikimbizwa kwa machela mpaka hospitali nyingine, akafika, akapona yeye na mtoto wake. Jioni hiyo Eulalie aliketi akaandika barua kwa kamati ya madaktari ya mkoa. Aliandika yote, pamoja na kahawa na malaria.

Kamati ilimsimamisha Zagabe. Alivuka ziwa akaenda Idjwi kwa dada yake Colombe, akalima mananasi mwaka mmoja na nusu, na huko, kati ya jembe na dada asiyecheka ovyo, akaacha pombe. Wakati huo wote mwenyekiti wa kamati, Daktari Gérard, mzee mwenye magoti mabovu, alipanda mlima mara mbili kwa juma kufanya upasuaji badala yake. Wanawake walioshikwa na uchungu siku nyingine walibebwa mbali zaidi, na si wote waliofika.

Zagabe aliporudi, kamati ilimpa sharti. Afanye kazi siku mia na themanini, Jumapili zikiwemo, na kila asubuhi anuswe na yuleyule aliyemshtaki. Daftari likijaa bila doa, jina lake litarudi kwenye orodha ya madaktari. Likiingia doa moja, jina litafutwa na asiguse kisu tena maisha yake.

Kwa hiyo walinusana, au tuseme mmoja alinuswa. Hawakuzungumza zaidi ya kazi. Eulalie aliamini kwamba daktari anamchukia, na hakumlaumu. Ndiyo sababu alitazama saa ya ukutani.

Siku ya mia na sitini na tatu ilianza vizuri. Safi, tarehe, sahihi. Saa tatu ikabishwa hodi, na akaingia Papa Raphaël, mkulima wa Kavumu, amevaa koti la misa, nyuma yake wakwe zake watatu na bidoni, dumu la plastiki la njano. Majuma matatu kabla ya hapo binti yake Bintu alikuwa ameletwa kwa machela, watu wanane wakipokezana, kwa kuwa siku hiyo askari walikuwa wamezuia magari njiani. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Zagabe alimpasua, na sasa Bintu alikuwa nyumbani akinyonyesha. Mzee alikuwa amekuja kushukuru kama mtu anavyoshukuru kwao, kwa kasiksi, pombe ya ndizi aliyoikamua mwenyewe.

Kwa Washi, kabila la Papa Raphaël, mwenye kuleta kasiksi huonja kwanza. Huonja mbele ya macho yako ili uone kwamba hakuna kilichotiwa ndani, ndipo anakupa. Baada ya hapo ukikataa, umemwita mtu mlishaji sumu bila kutamka neno. Na miaka ile Bukavu sumu ilitajwa kuliko mvua. Kila aliyekufa pasipo risasi, watu walisema amelishwa kitu.

Papa Raphaël alijaza kikombe, akaonja, akafuta midomo, akajaza tena, akakinyoosha kwa mikono miwili. Wakwe walisimama ukutani wakitazama.

"Aksanti sana, papa," alisema Zagabe. "Lakini mi sitakunywa."

Mzee alicheka. "Docteur, kidogo tu! Uliniokolea mutoto. Angalia, mi mwenyewe nimeonja."

"Nimeona, papa. Haiko juu ya kasiksi yako, iko juu yangu mimi. Unisikilize, nikuambie."

Mkwe mmoja akaingilia kubembeleza. Zagabe akatikisa kichwa. Kisha akavua miwani, kama alivyofanya kila asubuhi, akafungua kinywa aseme.

Eulalie aliona kinachokuja. Daktari mzima, mbele ya wageni wanne, aseme kwamba yeye ni mlevi? Hakufikiri. Mkono uliozoea kumficha ukatangulia, akakitwaa kikombe.

"Papa, mi niko kama dada yake," alisema. "Acha mi nikunywe pa nafasi yake."

Akanywa chote. Ilikuwa tamu, tena kali. Alishusha kikombe akitabasamu, akingoja vicheko na makofi, kwa kuwa dada kunywa badala ya kaka si jambo geni.

Hakuna aliyecheka. Papa Raphaël alimtazama daktari, ambaye hakuwa amekunywa, na ambaye macho yake yalikuwa yamemkazia muuguzi kwa mshangao. Ungemwona wakati ule, ungesema anangoja kuona kama mama yule ataanguka.

"Kumbe," alisema mzee polepole. "Unamupa maman akunywe kwanza, uone kama atakufa?"

"Hapana, papa, haiko vile!"

"Kwetu, muntu akiogopa chakula, anaonjesha imbwa. Wewe unaonjesha maman wa batu." Alifunga bidoni yake kwa nguvu. "Nitakushitaki, Docteur. Nitakushitaki kwa wakubwa yako."

Wakatoka, koti la misa mbele na wakwe nyuma. Harufu ya kasiksi ilibaki.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Haikupita nusu saa, Daktari Gérard akaingia kwa ukaguzi wake wa ghafla, akihema kwa ajili ya mlima. Alisimama mlangoni na pua yake ikapanda.

"Kuko harufu ya kasiksi humu. Modeste, fungula kinywa."

Zagabe akafungua. Mzee akanusa mara tatu. Alionekana kutulia. "Wewe uko safi. Basi hii inatoka wapi?"

Eulalie alikuwa amebana midomo. Kabla hajajua la kufanya, Zagabe akajibu, akitazama ziwa dirishani. "Batu ya Kavumu walileta bidoni, ikamwangika. Wameenda nayo."

Uongo ule ulikuwa mwepesi na mzuri, na haukumdhuru mtu. Gérard aliukubali palepale. Akachukua daftari la twiga, akalifunua, akampa Eulalie kalamu. "Bien. Andika apa chini: mwenyekiti alipita saa tatu na nusu, akakuta harufu ya kasiksi yenye ilimwangika. Tia sahihi."

Eulalie alishika kalamu. Alielewa vizuri sana. Akiandika, siku ya mia na sitini na tatu inabaki safi, zimebaki kumi na saba tu, na yeye habaki na aibu. Asipoandika, yeye ni muuguzi aliyekunywa kazini, na sahihi zake zote zinakuwa sahihi za mnywaji. Angemharibia daktari kwa kusema kweli, mara ya pili. Lakini alipoweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, mkono uligoma. Aliwaona panya wa Lwiro, na baba yake akiwahesabia punje.

"Docteur Gérard," alisema, "haikumwangika. Ni mimi nilikunywa. Nilitaka kumuondolea Docteur haya mbele ya bageni."

Mzee Gérard aliichukua tena kalamu. "Kwa hiyo mi niliweka mulinzi mwenye anakunywa ku kazi, alinde mulevi?" Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. Alifunga daftari na kulitia kwapani. "Hizi siku zote, mwenye alitia sahihi ni wewe. Sasa nitaziamini namna gani? Siku ya ine mutafika mbele ya kamati. Mpaka pale, Modeste hapana kugusa kisu."

Siku zile nne zilikuwa ndefu. Siku ya pili aliletwa mama mwenye uchungu, akageuzwa mlangoni na kupelekwa mbele, na Eulalie alisimama barazani akiwatazama wabebaji wakishuka mlima mpaka wakapotea kwenye kona. Aliingia chumbani kwa Zagabe bila hodi.

"Docteur, nimekuharibia. Unisamehe."

Zagabe alikuwa akipanga mikasi ambayo haikuhitaji kupangwa. "Kwa Gérard ulisema kweli, na mi nilisema bongo ya bidoni kumwangika," alisema. "Pale hukuniharibia." Akaweka mkasi mmoja chini. "Ila ulikuwa unanificha tena, maman. Na mi nilikuwa nimefungula kinywa."

Alilisema bila hasira, na ndiyo maana lilimuuma. Kwa mara ya kwanza Eulalie alijiuliza ile heshima yake ya miaka miwili ilikuwa ya nani, ya daktari au ya kwake mwenyewe.

Alhamisi kamati ilikaa katika ukumbi wa parokia, madaktari watatu kwenye benchi la shule, kwa kuwa ofisi yao ilikuwa imeporwa siku nyingi. Daftari la twiga lilikuwa mezani. Kabla hawajaanza, mlango ukafunguliwa, akaingia Papa Raphaël na koti lake na wakwe zake. Eulalie alifumba macho. Sasa tumekwisha, aliwaza.

Gérard, akiona wametoka mbali, aliwaruhusu kusema kwanza.

"Nimekuja kushitaki huyu Docteur," alianza mzee. "Nilimuletea kasiksi ya kumushukuru. Nikaonja mbele yake. Akaniona kama mulozi!"

"Papa," alisema Gérard, "alikunywa kiasi gani?"

"Kukunywa?" Papa Raphaël aliwageukia wakwe zake, kama kwamba ameulizwa swali la kijinga. "Hata kulowesha mudomo hakulowesha! Nilimubembeleza, akakataa. Mukwe yangu akamubembeleza, akakataa. Akaacha maman wa batu akunywe pa nafasi yake!"

Madaktari walitazamana. Mmoja aliinua kalamu yake. Mzee, akiona wanaandika, akapata nguvu, akaongeza mashitaka.

"Na haiko kwangu tu! Mwezi wenye umepita, jirani yangu alimuletea bidoni nzima, akaikatalia ku mulango. Wenye walimuletea ya Pasaka, akakatalia wote. Muulize barabara yote mpaka Kavumu! Ku soko banasema: ule Docteur anajiona, hakunywi kwa muntu!"

Kila alipozidisha kosa, aliziba tundu jingine katika lile daftari. Eulalie alianza kuelewa, akashika ukingo wa benchi. Hasira ya mtu wa Kavumu, ambaye hakumpenda daktari hata chembe siku hiyo, ilikuwa ushahidi ambao pua ya Eulalie isingeweza kuutoa hata ingekuwa safi kama ya malaika.

Zagabe akasimama, akavua miwani.

"Papa Raphaël, mi niko mulevi," alisema. "Niliacha, lakini niko mulevi. Nikigusa kikombe moja, nitamaliza bidoni. Na kesho yake mukono yangu itatetemeka juu ya tumbo ya mutoto wa muntu mwingine, sawa Bintu wako. Njo maana nilikataa. Kasiksi yako haina kosa."

Mzee akapiga hatua moja mbele.

"Sasa juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nafungula kinywa, papa."

Eulalie alitazama miguu yake.

"Ee Nyamuzinda, Mungu wangu!" alisema Papa Raphaël, akijipiga paja. Hasira ilimtoka kama hewa. "Kama ungesema, ningekuletea mutobe! Maji ya ndizi, yenye haijalala, ya batoto! Ndizi ni ileile!"

Daktari mmoja alicheka, akajifanya kukohoa. Hata Gérard alilazimika kutazama dari.

Uamuzi haukuchukua muda. Siku mia na sitini na tatu zimehesabiwa, na zile nne za kungoja hazihesabiwi. Zimebaki kumi na saba. Zikiisha salama, jina la Modeste Zagabe litaandikwa kwenye orodha kwa kalamu ya risasi; wino ulikuwa haki ya Kinshasa, na Kinshasa haikufikika. Wao wangengoja nchi iwe moja tena ndipo waandike juu yake kwa wino. Akina mama wa mlima ule hawakuwa wakiuliza wino.

"Kumebaki mambo ya mushahidi," alisema Gérard. Akamgeukia Eulalie, na kucheka kote kulikuwa kumeisha usoni mwake. "Maman, ulisema kweli wakati bongo ingekusaidia. Hiyo nimeandika. Lakini ulikunywa ku kazi, na hiyo pia nimeandika. Kwa siku kumi na saba, kabla ya kunusa, na wewe utanuswa. Na saa moja ya asubuhi hakuna mwingine mwenye anafika. Modeste atakunusa."

Siku iliyofuata, saa moja kamili, Eulalie aliingia katika chumba cha daktari. Alikuwa amepiga mswaki mara mbili na hakuwa amekunywa hata chai. Alijua hana kitu kinywani. Alijua kabisa. Hata hivyo alipokaribia dirisha jasho jembamba lilimtoka chini ya kitambaa cha kichwa. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mama wa watoto watano, kiongozi wa kwaya, akafungua kinywa chake mbele ya mwanamume na kutoa pumzi, akingoja kuambiwa kama yeye ni mtu mwaminifu.

Zilikuwa sekunde tatu. Aliziona zote. Akawaza: mia na sitini na tatu. Mia na sitini na tatu, na mimi natazama saa.

Zagabe hakutazama saa. Alinusa mara moja tu, akimtazama usoni, kama anavyowatazama wagonjwa kabla ya kuwalaza usingizi.

"Safi, maman," alisema. "Aksanti."

Akachukua daftari la twiga, akaandika, akatia sahihi. Eulalie aliisoma sahihi ile. Machozi yalikuwa yanamchuruzika na hakuyaficha.

Kisha zamu ikageuka. Daktari alivua miwani, akafungua kinywa. Eulalie alifuta macho kwa kiganja, akasogea, na akamtazama usoni mpaka pumzi ikaisha.